Kufunga kiyoyozi cha mashine mbili: mwongozo wa mwenye nyumba wa pwani

Kila joto la kaskazi linapoingia, kuanzia Desemba hadi Machi, maswali huwa yale yale: ninunue BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) ngapi, mashine ya nje ikae wapi, kwa nini maji yanatiririka ukutani, na kwa nini fundi anarudi kila baada ya miezi michache kuongeza gesi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkaazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja au mji mwingine wa pwani anayetaka kufungiwa kiyoyozi cha kawaida, chenye mashine moja ndani ya chumba na nyingine nje. Haukusudii kukufanya uwe fundi. Unakusudia kukuwezesha kusimama karibu na fundi ukielewa anachofanya, na ukijua ni wakati gani wa kumwambia, kwa heshima zote, asiruke hatua. Kwa maoni yangu, viyoyozi vingi vinavyokufa mapema huku kwetu haviuawi na jina lililoandikwa kwenye boksi, bali na kazi ya siku ile moja ya kufungwa.

Mambo machache ya kuelewa kwanza

Mashine ya ndani ina koili, feni na trei ya kukusanya maji. Mashine ya nje ina kompresa, yaani pampu inayoigandamiza na kuizungusha gesi, koili kubwa zaidi na feni yake. Kati ya hizo mbili hupita mabomba mawili ya shaba, jembamba na nene, pamoja na kebo ya umeme. Bomba la plastiki la kutolea maji hutoka kwenye mashine ya ndani peke yake. Gesi huzunguka ndani ya mabomba ya shaba, ikilichukua joto la chumbani na kwenda kulitupa nje, kwa hiyo mashine ya nje iliyonyimwa hewa haina pa kulitupa joto hilo, na chumba hakitapoa hata ukinunua mashine ya bei gani.

Jambo la pili ni kwamba gesi hii haitumiki ikaisha. Inazunguka mle mle kwa miaka yote ya uhai wa mashine. Ikipungua, imevuja, na mahali inapovujia pasipozibwa, fedha ya kuongeza gesi ni fedha ya kumwaga.

Zipo pia mashine zinazoweza kugeuza mzunguko huo na kuleta joto chumbani. Mtu wa Njombe, Mbeya au Limuru ana sababu ya kuilipia mashine ya namna hiyo, kwa kuwa baridi ya Juni na Julai huko si ya mchezo. Wewe wa pwani huna haja nayo, ingawa mashine nyingi za inveta, zile ambazo kompresa yake hubadili mwendo, huja nayo tu.

Unachohitaji kabla ya fundi kufika

Anza na ukubwa. Mashine za nyumbani huuzwa kwa BTU 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000, na madukani utasikia zikiitwa HP 1, HP 1.5, HP 2 na HP 2.5 kwa mfuatano huo. Pima urefu na upana wa chumba kwa mita, uzidishe, kisha uzidishe jibu kwa 600 hadi 700. Chumba cha mita 4 kwa 4 kina mita za mraba 16, hesabu inakuja takriban BTU 9,600 hadi 11,200, kwa hiyo utachukua ya 12,000. Ongeza kidogo ikiwa chumba kiko chini ya bati lisilo na dari nzuri, au kina dirisha kubwa linalopigwa na jua la magharibi. Usidhani, hata hivyo, kwamba kubwa kupita kiasi ni salama zaidi. Mashine iliyozidi mno hupoza hewa haraka na kuzima kompresa kabla haijakausha unyevu, na kwa unyevu wa pwani utalala kwenye chumba chenye ubaridi wa maji maji, shuka zikiwa na unyevu.

Kuhusu inveta, ushauri wangu ni huu: chumba cha kulala kinachopozwa usiku kucha kichukulie inveta, kwa sababu kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, na tofauti utaiona kwenye uniti za umeme. Chumba cha wageni kinachofunguliwa mara moja moja hakihitaji gharama hiyo.

Soma aina ya gesi kwenye kibandiko cha mashine ya nje. R22 ni ya zamani na inaondolewa chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni; usinunue mashine mpya inayoitumia hata ukipunguziwa bei. R410A haidhuru ozoni, lakini nguvu yake ya kuongeza joto duniani ni zaidi ya mara 2,000 ya ile ya hewa ya ukaa, na ni miongoni mwa gesi ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza katika mkutano wa Kigali wa Oktoba 2016. R32 ina takriban theluthi moja ya madhara hayo, na ndiyo ninayoipendekeza, ila uelewe kwamba inaweza kushika moto kwa kiasi fulani, kwa hiyo fundi havuti sigara wala hawashi tochi ya kuchomea karibu na gesi inayovuja.

Kwa upande wa umeme, mashine ya BTU 9,000 au 12,000 iwe na laini yake kutoka kwenye boksi kuu, kwa kebo ya milimita za mraba 2.5 na sakiti breka ya ampea 16 au 20. Ya 24,000 inahitaji kebo ya milimita za mraba 4. Laini iwe na waya wa ethi unaofika ardhini kweli kweli, jambo ambalo nyumba nyingi za zamani hazina. Weka pia kinga ya umeme yenye kuchelewesha, ile inayosubiri dakika chache baada ya umeme kurudi, kwa kuwa umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, na bodi ya inveta ni ghali.

Mwisho, muulize fundi kwa simu kama ana vitu hivi: pampu ya vakyumu (ya kufyonza hewa mabombani), geji (kipimo cha presha) inayofaa gesi ya mashine yako, kifaa cha kutanulia midomo ya mabomba, kikata bomba, pimamaji, mtungi wa naitrojeni, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Mwenye vyote saba si rahisi kumpata. Asiye na pampu ya vakyumu, mshukuru na utafute mwingine.

Hatua za kazi

1. Chagueni ukuta wa mashine ya ndani. Ukuta bora ni ule unaopakana na nje moja kwa moja, kwa sababu bomba la maji litatoka papo hapo na kushuka. Mashine ikae angalau mita 2.1 kutoka sakafuni, iachiwe sentimita 15 chini ya dari ili ivute hewa kwa juu, na sentimita 12 hivi kila upande. Ielekeze upepo kwenye urefu wa chumba. Usiiweke juu ya kichwa cha kitanda, wala juu ya televisheni au soketi, kwani siku trei ikijaa, maji yatadondoka hapo. Angalieni pia mkanda wa zege: katika nyumba nyingi za matofali ya saruji, mahali palipo chini kidogo ya dari ndipo penye linta, na fundi asiyepapasa kwanza atatoboa hadi akutane na nondo, kisha ataanza kutafuta tundu la pili.

2. Chagueni mahali pa mashine ya nje, na msifanye haraka katika hatua hii. Inataka kivuli, na inataka nafasi: sentimita 15 hadi 30 nyuma yake, na angalau mita moja wazi mbele, ambako hewa ya moto inatokea. Usiifungie kwenye stoo, kwenye kibaraza kilichozibwa, wala kwenye kizimba cha matofali kilichojengwa kuzuia wezi bila kuachwa matundu ya kutosha. Kizimba cha nondo kinatosha na hakizuii hewa. Ukuta wa magharibi huchemka kuanzia saa nane mchana. Kwenye nyumba iliyo wazi baharini, feni isielekezwe moja kwa moja kule unakotoka upepo wa kusi, kwani upepo mkali utairudisha hewa ya moto ndani ya koili na kuileta chumvi pamoja nayo. Upande wa nyumba uliojificha bahari huongeza miaka ya mashine. Jirani naye akumbukwe: ukimwelekezea joto na kelele dirishani, ugomvi utakuja.

 Kwa walio Mji Mkongwe wa Unguja au mji wa kale wa Lamu, ambako yote mawili ni maeneo ya urithi wa dunia, ulizeni mamlaka za hifadhi kabla ya kutundika kitu kwenye ukuta wa barabarani. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, isitoshe, hazishiki boliti vizuri. Mashine ikae chini kwenye msingi mdogo wa zege, au uani.

3. Fungeni bati la kuning'inizia kwa pimamaji. Liwe sawa kabisa, au lishuke milimita chache tu kuelekea upande bomba la maji linakotokea. Likiinama upande wa pili, hakuna marekebisho yatakayozuia maji kumwagika ndani.

4. Toboeni tundu la milimita 65 hadi 70, lishuke kuelekea nje kwa milimita 5 hadi 10. Liwekewe mfereji wa plastiki, na kazi ikiisha, nafasi iliyobaki izibwe. Tundu lisilozibwa ni mlango wa mende, mijusi na hewa ya joto.

5. Ipandisheni mashine ya nje kwenye breketi zilizopakwa rangi nzuri au za chuma kisichoshika kutu, na mipira ya kufyonza mtikisiko iwekwe chini ya miguu yake minne. Tanga au Kigamboni, breketi ya chuma cha kawaida iliyokwaruzwa rangi huanza kulika upesi, na mashine yenyewe ina uzito wa kilo 25 hadi 40. Isiwe juu ya njia ya watu. Isiwe pia mahali ambapo mtu wa kuiosha hawezi kufika bila kujining'iniza.

6. Pitisheni mabomba ya shaba. Ncha zake zibaki na vifuniko hadi dakika ya kuunganishwa, kwa sababu vumbi la saruji likiingia ndani litaishia kwenye kompresa. Kila bomba livishwe sponji yake peke yake. Katika viyoyozi vingi vya aina hii yote mawili huwa ya baridi, na yakivishwa sponji moja au yakiachwa wazi sehemu, yatatokwa jasho na kulowesha ukuta. Bomba likunjwe kwa duara pana, kwa mkono au kwa springi. Likibonyea, likatwe na sehemu hiyo iondolewe. Kulinyoosha hakulirudishi katika hali yake. Urefu wa mita 3 hadi 5 ndio mzuri. Gesi iliyojazwa kiwandani mara nyingi inatosha mita 5, na zaidi ya hapo kitabu cha mashine husema ziongezwe gramu ngapi kwa kila mita. Gramu hizo hupimwa kwa mizani.

7. Tengenezeni midomo ya mabomba. Hapa ndipo uvujaji mwingi huzaliwa, kwa hiyo sogea karibu utazame. Bomba hukatwa kwa kikata bomba na siyo kwa msumeno wa chuma, kisha ncha kali ya ndani hukwanguliwa huku bomba likiwa limeinamishwa chini ili makombo yadondoke nje. Nati huvishwa kabla ya mdomo kutanuliwa, na kila fundi anajua kwa nini naitaja. Mdomo ukitoka vizuri ni duara kamili lenye upana sawa pande zote, uso wake unang'aa, hauna mstari wala ufa, na unakaa ndani ya nati bila kugusa kuta zake. Wenye mkwaruzo ukatwe na uanzwe upya, hata kama bomba litapungua sentimita mbili. Nyuma ya mdomo hupakwa tone la mafuta ya kompresa. Nyuzi za nati zisifungwe utepe wa mabomba ya maji, ambao hauzibi chochote hapo. Nati ianze kwa vidole mizunguko kadhaa, kisha ikazwe kwa spana mbili, moja ikishikilia na nyingine ikizungusha. Kwa bomba la robo inchi nguvu ni newtonimita 14 hadi 18, kwa la 3/8 ni 34 hadi 42, na kwa la nusu inchi ni 50 hadi 60. Fundi mwenye mkono mzito hupasua mdomo kwa kudhani anazuia uvujaji.

8. Wekeni bomba la maji na mlijaribu kabla ya kufunga kitu kingine. Lishuke kwa angalau sentimita moja kwa kila mita, bila kupanda popote na bila tumbo katikati. Katika bunda linalopita ukutani, likae chini ya mabomba ya shaba. Ncha yake isizamishwe ndani ya ndoo au maji yaliyotuama, na isiingizwe kwenye chemba ya choo, kwani harufu itapanda hadi chumbani. Sehemu inayopita ndani ya dari ivishwe sponji. Kisha fungua mashine ya ndani, mimina lita moja ya maji polepole kwenye trei, na utazame nje. Maji yote yatoke kwa mkondo usiokatika. Jaribio hili huchukua dakika tano na halihitaji kifaa chochote zaidi ya jagi, lakini bado ni hatua inayorukwa kuliko zote.

9. Unganisheni umeme sakiti breka ikiwa imezimwa. Namba za waya kwenye mashine ya ndani zilingane na za nje, moja kwa moja, mbili kwa mbili. Skrubu zikazwe na waya uvutwe kidogo kuhakikisha umeshika. Kebo isiunganishwe katikati kwa utepe. Usikubali kiyoyozi kichomekwe kwenye ekstensheni, hata kwa muda, kwa sababu huo muda huwa mrefu.

10. Jazeni naitrojeni na mpime uvujaji. Presha ipandishwe hatua kwa hatua hadi kiwango ambacho kitabu cha mashine kinaruhusu, valvu za mashine ya nje zikiwa bado zimefungwa, kisha kila nati ipakwe povu la sabuni. Povu linalotoa mapovu madogo kama macho ya kaa ni uvujaji, hata kama ni moja kwa dakika. Acheni geji kwa nusu saa, isishuke.

 Onyo: asitumie oksijeni ya kuchomelea badala ya naitrojeni kwa hali yoyote ile. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na kuna mafundi waliopoteza maisha kwa njia hiyo.

11. Fyonzeni hewa kwa pampu ya vakyumu. Naitrojeni ikishaachiliwa, pampu huunganishwa na kuachwa ifanye kazi kwa dakika 20 hadi 30, na zaidi kama mabomba ni marefu au kama ni siku ya mvua. Sindano ya geji itafika alama ya −30 ya inchi za zebaki ndani ya dakika chache, na hapo ndipo fundi mwenye haraka anazima. Asizime. Hewa imetoka, lakini unyevu bado umo, na unahitaji muda ugeuke mvuke na kuvutwa nje. Baada ya hapo valvu ya geji ifungwe, pampu izimwe, na sindano itazamwe kwa dakika 15. Ikipanda, kuna uvujaji au maji. Rudini hatua ya 10.

 Utakutana na fundi atakayesema kwamba yeye husukuma hewa kwa kufungua gesi ya mashine kidogo na kuiacha itokee upande wa pili. Njia hiyo haiondoi unyevu, inamwaga gesi iliyopimwa kwa gramu, na unyevu uliobaki huchanganyika na mafuta ya kompresa ukatengeneza asidi inayoila taratibu. Mashine itapoa siku hiyo, itapoa mwaka huo, kisha kompresa itakufa siku ambayo hakuna anayemkumbuka tena fundi.

12. Fungueni gesi. Kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), valvu ya bomba jembamba ifunguliwe robo mzunguko kwa sekunde chache, nati zote zipakwe sabuni kwa mara nyingine, kisha valvu zote mbili zifunguliwe hadi mwisho bila kulazimishwa. Vifuniko vya shaba virudishwe na kukazwa, kwani navyo huzuia uvujaji.

13. Iwasheni na mpime. Weka rimoti kwenye nyuzi 18 na feni ya kasi, milango imefungwa, na usubiri dakika 20. Kipimajoto cha kawaida kinatosha: pima hewa inayoingia juu ya mashine na hewa inayotoka chini, tofauti iwe nyuzi 8 hadi 12. Maji yaanze kudondoka nje. Fundi apime ampea kwa koleo la kupimia umeme na kulinganisha na kibandiko. Ya BTU 12,000 isiyo ya inveta hula takriban ampea 5. Andika namba hizo, tarehe, na aina ya gesi kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha mashine ya nje. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitatu ataanza kazi akijua mashine ilikuwaje ilipokuwa nzima.

Utunzaji

Machujio ya mashine ya ndani yaoshwe kwa maji kila baada ya wiki mbili, na hii ni kazi yako wewe, siyo ya fundi. Koili zote mbili zioshwe kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, mwagia mashine ya nje maji baridi ya kawaida kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa, kwa mpira wa bustani usio na presha kubwa. Mashine za kuoshea magari hulaza mapezi ya alumini na kuziba njia ya hewa. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai, na pwani visima hivyo ni vingi. Nyuzi 24 hadi 26 zinatosha kulala. Kuweka 16 hakuharakishi kupoa.

Matatizo yanayojitokeza, na pa kuanzia

*Maji yanadondoka ndani.* Anza na bomba la maji: limeziba kwa utelezi, au lina tumbo. Fundi anaweza kulipuliza kutokea nje. Ikiwa ni mashine mpya, angalia kwa pimamaji kama imeinama vibaya. Ikiwa machujio yamejaa vumbi, koili huganda barafu, na barafu ikiyeyuka kwa mkupuo trei haiwezi kuyabeba maji hayo.

*Upepo unatoka lakini hauna ubaridi.* Nenda nje usikilize. Feni ya nje inazunguka na kompresa haingurumi: huenda ni kapasita, ambayo ni kifaa cha bei ndogo, au umeme ni mdogo. Umeme ukikatika na kurudi, kompresa hungoja takriban dakika tatu kabla ya kuanza, kwa hiyo usiwe na pupa ya kubonyeza rimoti. Vyote vinazunguka na bado hakuna ubaridi: tazama kama koili ya nje imezibwa na vumbi au majani.

*Barafu kwenye bomba jembamba la nje.* Mara nyingi ni dalili ya gesi iliyopungua. Mwambie fundi atafute uvujaji kwanza, akianzia kwenye nati zile nne za hatua ya 7. Mahali penye alama ya mafuta ndipo pa kushuku. Akishaziba, atoe gesi iliyobaki, afyonze hewa, na ajaze upya kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Mashine ikiwa imezimwa kwa muda, geji ya R410A kwenye nyuzi 30 husoma takriban psi 260 na ya R22 psi 160. Anayejaza R22 ndani ya mashine ya R410A kwa sababu "zote ni gesi" ameiharibu mashine yako, na udai fidia.

*Harufu ya uvundo.* Ni ukungu kwenye koili na kwenye feni ndefu ya ndani. Kuosha machujio peke yake hakutoshi. Feni hiyo isafishwe. Kabla ya kuzima kila asubuhi, acha feni peke yake izunguke dakika 15 ili koili ikauke.

*Sakiti breka inajizima.* Ikijizima mara tu unapowasha, usiilazimishe. Kuna waya uliogusana au kompresa imeungua. Ikijizima adhuhuri tu, mashine ya nje inakosa hewa au laini ni nyembamba. Kubadilisha breka kwa kubwa zaidi bila kubadilisha kebo ni kuchezea moto.

*Mtikisiko na kelele usiku.* Kagua mipira ya miguu, boliti za breketi, na mabomba yanayogusana na bati la mashine.

*Unahama nyumba.* Fundi anaweza kuirudisha gesi yote ndani ya mashine ya nje: kiyoyozi kikiwa kinapoza, hufunga valvu ya bomba jembamba, husubiri geji ikaribie sifuri, hufunga valvu ya bomba nene na kuzima papo hapo. Kazi hii haifanywi bila geji, wala kwenye mashine inayovuja au iliyokwisha kufunguliwa mabomba, kwa sababu kompresa inayovuta hewa na kuigandamiza pamoja na mafuta inaweza kulipuka. Mabomba yakishatolewa, ncha zote nne na valvu mbili zifunikwe siku hiyo hiyo, na kwenye nyumba mpya midomo ikatwe na itengenezwe upya.